Mpini wa Upanga wa Mashindano

Mwenyeji wa Mpanda akinunua jembe jipya huenda mwituni kukata mti wa kufanyia mpini. Huuchonga kwa kadiri ya mkono wake: mwenye kiganja kikubwa huuacha mnene, mwenye kiganja kidogo huupunguza. Hakuna amwulizaye kwa nini amefanya hivyo, maana shamba lake halishindani na mtu. Lakini mpini wa upanga wa mashindano una sheria zake, nasi leo twapenda kuzieleza sheria hizo na sababu zake.

Kwanza tuueleze mchezo wenyewe. Watu wawili husimama wakikabiliana, wamevaa nguo nzito nyeupe na vifuniko vya uso vya wavu wa chuma. Upanga tutakaoutaja ni ule uitwao epe. Hauna makali, na ncha yake ni butu. Urefu wake wote haupiti sentimeta 110, na uzito wake hutakiwa kuwa chini ya gramu 770. Katika mfereji wa bapa lake hupita nyaya mbili nyembamba za umeme. Ncha ikimgusa mpinzani kwa nguvu ya gramu 750 au zaidi, nyaya hizo hukutana, na taa huwaka. Ndivyo mwamuzi ajuavyo nani amepiga.

Mchezo huu umekwisha kufika Afrika ya Mashariki. Alexandra Ndolo, ambaye baba yake ni Mkenya, alipata nishani ya fedha ya epe katika mashindano ya dunia ya Cairo mwaka 2022, akiichezea Ujerumani. Baadaye aliichezea Kenya, na mwaka 2024 akawa Mkenya wa kwanza kuucheza mchezo huu katika Olimpiki, huko Paris.

Sasa tuje kwenye mpini. Iko mipini ya namna mbili. Wa kwanza umenyoka kama mpini wa kisu. Mchezaji aweza kuushika karibu na bamba la kukinga mkono, au nyuma kabisa, ili upanga wake ufike mbali. Wa pili umechongwa kwa umbo la vidole, kama mpini wa bastola. Huu humpa mshikaji nguvu nyingi, bali haumpi ruhusa ya kusogeza mkono. Sheria yasema kwamba lazima uuweke mkono mahali pamoja tu, na kidole gumba kikinyoshwa, ncha yake isiwe mbali na bamba kupita sentimeta 2. Kama isingekuwa hivyo, mtu mmoja angejipatia nguvu na urefu pamoja. Sheria yamwambia: chagua moja.

Basi mchezaji aweza kuupunguza mpini au kuuvika ngozi upate kumkaa vema, mradi vipimo visivunjwe. Lakini hana ruhusa kuutia kitu cha kuukinga mkono zaidi ya lile bamba, wala kitu cha kumsaidia kuurusha upanga.

Pengine msomaji atasema, “Haya ni mambo madogo mno.” Na asikilize yaliyotokea Montreal, Kanada, mwezi wa Julai 1976. Boris Onishchenko, askari wa Umoja wa Kisovieti, alikuwa akishindana katika mchezo wa Olimpiki wenye sehemu tano: upanga, farasi, kulenga shabaha, kuogelea na kukimbia. Alikuwa hodari mwenye sifa, aliyekwisha kupata nishani mwaka 1972. Alipopambana na Jim Fox wa Uingereza, taa iliwaka ingawa Fox alikuwa amekwisha rudi nyuma, asiguswe. Waingereza wakalalamika, na upanga ukachukuliwa kukaguliwa. Ndani ya mpini ikaonekana swichi iliyofichwa: alipoibonyeza, taa iliwaka bila ncha kugusa kitu. Onishchenko alikuwa amepewa upanga mwingine, na kwa huo alizidi kushinda kwa haki. Lakini haikumfaa. Alifukuzwa mashindanoni, na wenzake wa timu wakapoteza nafasi yao pamoja naye. Baada ya hapo ilikatazwa mipini inayoweza kuficha nyaya au swichi.

Ndiyo sababu kila upanga hupimwa kabla ya mashindano na kutiwa alama, kama vile mizani ya sokoni inavyopimwa na kupigwa muhuri. Muhuri ule haumwiti kila mfanya biashara mwizi. Humpa mnunuzi amani, na muuzaji mwaminifu humwondolea mashaka. Mpini uliochongwa ukufae wewe ni mali yako. Mpini uliochongwa umpunje mwenzako ni wizi, hata kama mkono ulioushika ungaliweza kushinda bila huo.