Presha, Mazoezi na Utulivu wa Nafsi Uzeeni

Shinikizo la juu la damu, ambalo wengi huliita presha, ni pale kipimo kinaporudia kuonyesha 140/90 au zaidi. Uzeeni huwapata watu wengi kwa sababu kuta za mishipa hukakamaa, moyo ukalazimika kusukuma damu kwa nguvu. Mzigo wake hauishii mwilini. Mzee aliyeambiwa atameza vidonge maisha yake yote huweza kuingiwa na hofu ya kiharusi, akakosa usingizi na kujifungia ndani. Wasiwasi na sonona humfanya aache dawa na kushinda amekaa, na presha huzidi kupanda.

Mazoezi huvunja mzunguko huo. Baada ya kutembea mishipa hulegea, na presha huweza kubaki chini kwa saa kadhaa. Kwa anayeyashika mazoezi kwa miezi, namba ya juu ya kipimo hushuka kwa wastani wa 5 hadi 8. Usingizi nao hutulia na huzuni hupungua.

Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2020 unawashauri wenye miaka 65 na zaidi wapate dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani kwa wiki, ya kuimarisha misuli angalau siku 2, na ya kuzuia kuanguka siku 3. Mwendo wa wastani ni ule ambao mtu anaweza kuzungumza lakini hawezi kuimba. Kipimo hiki humfaa hasa anayetumia atenolol, kwani dawa hiyo hupunguza mapigo ya moyo, na kuyahesabu kunaweza kumpotosha.

Mazoea hudumu yakifungamana na shughuli za kila siku: kuinuka kitini mara 10 chai ikichemka, au kwenda sokoni, msikitini au kanisani kwa miguu pamoja na jirani. Asiyetokea asubuhi hugongewa mlango na kujuliwa hali, na upweke hukosa nafasi.

Mwenye presha ya 180/110 amwone daktari kabla ya kuanza. Wakati wa kunyanyua kitu asibane pumzi, maana presha hupanda ghafla. Akihisi maumivu ya kifua au kizunguzungu, asimame na kutafuta msaada. Kipimo kikishuka, dawa zisiachwe. Daktari ndiye wa kuzipunguza.