MIZANI YA HEWA YA UKAA NA UMEME WA VISIWANI

Wanachama wengi wamesikia ikisemwa kuwa nchi fulani itafikia usawa wa hewa ya ukaa mwaka fulani. Maana yake si kwamba moshi utakoma. Maana yake ni kwamba hewa ya ukaa itokayo katika viwanda, magari na majiko isizidi ile inayovutwa na miti au kuondolewa kwa njia nyingine. Ni kama mzani: moshi kitangani huku, misitu kitangani kule.

Taabu ipo katika njia ya kufikia hapo. Indonesia, wakulima wenzetu wa karafuu, wamejiwekea mwaka 2060, na huku zaidi ya nusu ya umeme wao hutokana na makaa ya mawe. Tanzania iliahidi mwaka 2021 kupunguza hewa hiyo kwa asilimia 30 hadi 35 ifikapo 2030. Yafaa ifahamike kwamba si pungufu ya kiasi cha leo, bali ya kile ambacho kingefikiwa mwaka huo kama mambo yangeachwa yaende yenyewe. Hapo pamebaki nafasi ya viwanda na pampu za maji, na kwa maoni yetu ni haki. Mwenye taa moja haambiwi azime nusu.

Sasa tuviangalie visiwa vyetu. Unguja imeunganishwa na Bara kwa waya wa chini ya bahari tangu 1980. Pemba ilitegemea mashine za dizeli mpaka 2010, ulipolazwa waya kutoka Tanga, na mashine zikapumzishwa. Huko Bara limejengwa Bwawa la Julius Nyerere katika mto Rufiji, lenye uwezo wa megawati 2,115, ambalo lilianza kutoa umeme mwaka 2024. Kwa anayehesabu moshi peke yake, kazi imekwisha.

Lakini nani amesahau? Mwaka 2008 Unguja ilikaa kiasi cha mwezi mzima bila umeme, na tena miezi mitatu, tangu Desemba 2009 hadi Machi 2010, kwa kuharibika njia hiyo moja. Pampu za maji zilisimama, na kila mwenye uwezo akanguruma na jenereta lake. Moshi uliokwisha kuondoka ukarudi. Waya wa pili wa Unguja, wa megawati 100, ulikuja mwaka 2013. Maji nayo hutegemea mvua: ukame wa 2006 ulileta mgao mkali Bara, na hapo gesi ya Songo Songo ilisaidia sana, ingawa nayo hutoa hewa ya ukaa.

Kwa hivyo swali la mtu wa kisiwani ni hili: waya ukikatika, hospitali itawashwa na nini? Jua la hapa hapa, pamoja na betri za kuweka umeme wake, ni jibu zuri. Hata hivyo kila aliyewahi kuanika karafuu anajua jua lina siku zake. Mvua ikishika, majamvi hukunjwa. Mashine za dizeli zisitupwe mpaka betri zitoshe.

Limebaki la jikoni. Mpango wa taifa wa mwaka 2024 unataka asilimia 80 ya watu wapikie nishati safi ifikapo 2034. Mtungi wa gesi ukiwa ghali kuliko gunia la mkaa, shoka litarudi msituni, na baada ya msitu, mashambani mwetu.