MINYOO YA MACHO YA KUKU

Leo tuzungumze habari ya kuku anayeumwa macho.

Mara nyingi mfugaji akiona kuku anatoa machozi husema, "Ah, hayo ni mafua tu." Nimepata kumwona mama mmoja aliyetibu mafua mwezi mzima bila nafuu. Tulipomshika kuku na kufunua jicho, tulikuta minyoo inacheza humo. Jicho moja lilikuwa limekwisha kufa. Kuku kipofu haoni punje wala maji, hukonda, na mayai hukatika. Ukitegemea mayai hayo kununulia daftari za watoto, hiyo si hasara ndogo.

Sasa basi, utaitambuaje? Kuku mwenye minyoo hujikuna jicho kwa ukucha na kupepesa ovyo. Macho huvimba na kuwa mekundu, yakatoa machozi, kisha kope hugandamana. Mafua makali kwa kawaida hushika kuku wengi kwa mara moja, nayo huleta makamasi na uvimbe wa uso. Mwambie mwenzako amshike kuku mahali penye mwanga. Nawa mikono, vuta kope taratibu, utazame chini ya kile kigozi cheupe kilicho kwenye kona ya jicho karibu na mdomo. Minyoo yenyewe ni myeupe, myembamba kama uzi, yenye urefu wa sentimita 1 hadi 2.

Imefikaje huko? Mayai ya minyoo hutoka jichoni kwa kijia chembamba kiendacho kinywani. Kuku huyameza, nayo hutoka kwenye mavi. Mende wa udongoni, yule anayejificha chini ya matandazo na takataka, hula mavi hayo. Mtoto wa mnyoo hukaa ndani ya mende akikua, kiasi cha siku 50. Kuku akimdonoa mende huyo, kinyoo hutoka kwenye gole, hupanda kinywani, na kupitia kijia kile kile huingia jichoni. Kwa hiyo kuku hamwambukizi mwenzake moja kwa moja. Lazima mende awepo kati yao. Bata mzinga na kanga nao hupata.

Haya, tiba. Chemsha lita 1 ya maji, tia chumvi kijiko kimoja na nusu cha chai, acha yapoe kabisa. Osha jicho kwa pamba safi, ukilainisha utando bila kuukwangua. Maji yakipita vizuri huweza kutoa baadhi ya minyoo. Iliyobaki mwachie Bwana Mifugo: yeye atatia dawa ya ganzi, atainua kile kigozi, na kuitoa kwa kibanio au kuiua kwa dawa na kuosha jicho papo hapo. Dawa za minyoo kama levamisoli na ivamektini zipo, lakini usikisie kipimo. Muulize pia ni siku ngapi usile wala kuuza mayai na nyama ya kuku huyo.

Tafadhali, usitie jichoni tumbaku, pilipili wala mafuta ya taa! Mnyoo unaweza kubaki, jicho likaondoka. Tiba ikiwahi, jicho hupona. Likishatoboka, hakuna dawa ya kulirudisha.

Lakini kutibu na kuacha mende bandani ni kutwanga maji kwenye kinu. Fanya hivi:

1. Zoa mavi kila siku, uyapeleke kwenye shimo la mbolea lililo mbali na banda, lenye uzio kuku wasichakure.
2. Badilisha matandazo yakilowa, na ziba chombo cha maji kinachovuja.
3. Ondoa mawe, mbao kuukuu na magunia kandokando ya banda.
4. Ziba nyufa za sakafu. Ukiweza, jenga banda lililoinuka juu ya nguzo.
5. Kagua macho ya kuku mgeni kabla ya kumchanganya na wenzake.

Ndugu mkulima, kesho asubuhi kabla hujafungulia kuku, shika wawili watatu uwatazame macho. Ni kazi ya dakika chache, nayo huokoa kuku mzima.