Rangi Iliyojificha: Somo la Urithi kutoka kwa Nyoka wa Mahindi

Wahenga walisema mtoto wa nyoka ni nyoka. Hata hivyo, wafugaji wa nyoka wa mahindi nchini Marekani wamezoea kuona jambo linaloelekea kuipinga methali hiyo. Dume na jike wenye rangi ya kawaida hupandana, jike hutaga mayai, na baada ya miezi miwili hivi hutoka makinda. Wengi hufanana na wazazi wao, lakini mmoja au wawili hawana weusi hata kidogo, na macho yao ni mekundu. Hakuna aliyebadilisha mayai wala dume mwingine aliyeingia kizimbani. Maelezo ya jambo hilo ndiyo yaleyale ambayo familia nyingi za Afrika Mashariki huyahitaji pindi mtoto mwenye ualbino anapozaliwa na wazazi wenye ngozi nyeusi.

Nyoka na rangi zake

Nyoka wa mahindi, ambaye kwa jina la kitaalamu ni Pantherophis guttatus, asili yake ni kusini-mashariki mwa Marekani. Hana sumu, naye huua panya kwa kuwabana. Kwa upole wake amekuwa miongoni mwa nyoka wanaofugwa sana majumbani. Hapatikani katika mapori ya Afrika Mashariki; kwa hiyo nyoka yeyote mwekundu au mwenye mabaka anayeonekana shambani asidhaniwe kuwa ni huyu, wala asishikwe.

Ngozi yake ya kawaida ni ya rangi ya chungwa au kahawia, yenye mabaka mekundu yaliyozungushiwa mistari myeusi. Rangi hizo hutokana na seli za aina mbalimbali. Zipo zinazotengeneza melanini, yaani rangi nyeusi na kahawia. Zipo zinazobeba wekundu na umanjano. Na zipo zinazoakisi mwanga. Rangi ya ngozi ya binadamu, kwa upande wake, hutegemea hasa melanini. Ndiyo maana nyoka aliyekosa melanini hubaki na wekundu na rangi ya chungwa, ilhali binadamu aliyeikosa huwa na ngozi nyeupe, na nywele zake huwa nyeupe au za manjano.

Mmoja wa waliolichunguza suala hili mapema alikuwa daktari wa magonjwa ya ngozi wa Marekani, H. Bernard Bechtel. Mwaka 1962 yeye na Elizabeth Bechtel walichapisha matokeo ya kuwazalisha nyoka hao, wakaonyesha kuwa hali ya kukosa weusi hurithiwa kwa jeni inayojificha.

Namna jeni inavyojificha

Kila kiumbe wa aina hii hupokea nakala mbili za jeni husika: moja kutoka kwa baba na nyingine kutoka kwa mama. Nakala moja ikiwa nzima, hutosha kutengeneza melanini, na nyoka huonekana wa kawaida. Akiwa na nakala moja nzima na moja yenye hitilafu, huitwa mbebaji: rangi yake haimtofautishi na wenzake, lakini anaweza kuirithisha hitilafu hiyo. Ni yule tu aliyepokea hitilafu kutoka pande zote mbili anayezaliwa bila weusi.

Wabebaji wawili wakipandana, kila yai lina uwezekano wa robo moja wa kutoa kinda asiye na weusi, nusu wa kutoa mbebaji, na robo wa kutoa kinda asiyebeba chochote. Hesabu hiyo huanza upya kwa kila yai. Yai la kwanza haliyapunguzii wala kuyaongezea mayai yanayofuata uwezekano wowote.

Hatua tatu za utambuzi

Hatua ya kwanza ni jicho. Mfugaji huangalia ni rangi gani imekosekana. Nyoka mwenye macho mekundu na mabaka yasiyo na mstari mweusi amekosa melanini. Mwenye rangi ya kijivu na nyeusi amekosa wekundu, kutokana na badiliko la jeni nyingine. Aliyerithi mabadiliko yote mawili huwa karibu mweupe kabisa. Hata hivyo, rangi za nyoka hubadilika kadiri anavyokua, na mabadiliko ya jeni tofauti yanaweza kutoa sura zinazokaribiana. Zaidi ya hayo, jicho haliwezi kamwe kumtambua mbebaji.

Hatua ya pili ni kumbukumbu za uzao. Nyoka anayeshukiwa kuwa mbebaji hupandishwa na asiye na weusi. Akipatikana kinda mmoja tu asiye na weusi, shaka imekwisha: mzazi huyo ni mbebaji. Makinda wote wakiwa wa kawaida, shaka hupungua kwa kila kinda, kwa sababu mbebaji angekuwa na uwezekano wa nusu kwa nusu kila mara. Uwezekano wa mbebaji kupata makinda 10 wa kawaida mfululizo ni 1 kati ya 1,024. Aidha, kinda wa kawaida aliyezaliwa na wabebaji wawili ana uwezekano wa theluthi mbili wa kuwa mbebaji naye.

Hatua ya tatu ni maabara. Gamba alilojivua nyoka lina seli zake, na kutoka humo vinasaba vinaweza kupimwa bila kumchoma sindano. Hapo mbebaji hutambuliwa hata kabla hajazaa.

Jeni moja, viumbe wawili

Mwaka 2015 watafiti wa Chuo Kikuu cha Geneva, Uswisi, walitangaza chanzo cha hali ya kukosa weusi kwa nyoka wa mahindi: kipande cha vinasaba chenye uwezo wa kuhama kimejipachika ndani ya jeni iitwayo OCA2 na kuvuruga kazi yake. Jina hilo si geni kwa wataalamu wa ualbino. Hitilafu katika jeni ya OCA2 ndiyo chanzo cha aina ya ualbino iliyoenea zaidi Afrika kusini mwa Sahara, ikiwemo Tanzania. Tofauti ni kwamba kwa binadamu wa eneo hili hitilafu ya kawaida ni kukatika kwa kipande cha jeni hiyo, si kuongezeka kwa kipande kigeni.

Nyoka hao wamefundisha jambo la pili. Wapo wenye rangi iliyopauka ya kijivu na waridi, na utafiti uliochapishwa mwaka 2020 uliihusisha rangi hiyo na jeni ya LYST. Kwa binadamu, hitilafu za jeni hiyo husababisha ugonjwa adimu wa Chediak-Higashi, ambamo mtoto huwa na nywele na ngozi iliyopauka, huambukizwa maradhi mara kwa mara na hutokwa damu kwa urahisi. Kwa mhudumu wa afya funzo liko wazi: mtoto mwenye rangi iliyopauka anayeugua mfululizo au kuvuja damu isivyo kawaida apelekwe kwa uchunguzi zaidi. Asirudishwe nyumbani kwa maelezo kwamba ni ualbino tu.

Yanayoihusu familia

Binadamu hapimwi kwa kupandishwa, na idadi ya watoto wa nyumba moja haitoshi kuthibitisha mengi. Lakini kanuni ya urithi ni ileile, nayo hujibu maswali yanayovunja ndoa.

Mara nyingi mama ndiye anayelaumiwa kwa kuzaa mtoto mwenye ualbino, na baba husema kwamba ukoo wake haujawahi kuwa na hali hiyo. Katika ualbino wa aina hii, mtoto amepokea nakala moja kutoka kwa kila mzazi. Ukoo unaweza kuibeba jeni hiyo vizazi vingi bila kuonekana, kwa kuwa hujitokeza tu pale wabebaji wawili wanapokutana. Nchini Tanzania hukadiriwa kuwa mtu mmoja kati ya 1,400 ana ualbino. Kwa kadirio hilo, takriban mtu mmoja kati ya 20 ni mbebaji. Hakuna ukoo unaoweza kuapa kwa macho tu kwamba hauna. Kwa hiyo, rangi ya mtoto haiwi ushahidi wa uzinzi, laana wala uchawi.

Wazazi waelezwe pia kuwa kila mimba ijayo ina uwezekano uleule wa robo. Ndugu wa mtoto huyo wenye ngozi nyeusi wanaweza kuwa wabebaji, jambo lisilodhuru afya zao.

Baada ya maelezo hayo, mtoto aanze kutunzwa mara moja: nguo za mikono mirefu, kofia pana, mafuta ya kukinga jua, uchunguzi wa ngozi wa mara kwa mara ili saratani igunduliwe mapema, na uchunguzi wa macho kabla ya kuanza shule. Darasani aketishwe karibu na ubao.

Mfugaji aliyepata kinda mwenye macho mekundu hamfukuzi jike kizimbani. Hufungua daftari na kuandika majina ya wazazi wote wawili. Mama aliyejifungua mtoto mwenye ualbino naye anastahili kwamba, katika kumbukumbu za kliniki na katika mazungumzo ya nyumbani, wazazi wote wawili watajwe pamoja.