Moto Mkavu Watafutiwa Hatamu

Moto wa kuni haupunguzwi upesi kama wa jiko la mafuta ya taa. Ndilo tatizo la roketi za mafuta yabisi: zikiisha kuwashwa, huwaka mpaka mafuta yaishe. Basi mafundi wametia sindano katika koo la kutokea moto. Tundu likibanwa, shinikizo hupanda, mafuta huungua upesi na msukumo huzidi. Ustadi huu hatuudharau, ila twasikitika kuuona ukitangulia vitani. Marekani imeunda kombora la SM-3 Block IB, la kuangusha makombora mengine, ambalo kichwa chake huongozwa nje ya angahewa kwa injini yabisi yenye msukumo unaorekebishwa. Septemba 2011 lilikosa shabaha katika jaribio huko Hawaii. Mei 2012 likapiga.