Maji ya Mgodini Hayasafishwi kwa Moto

Eti maji yakitokota tayari ni salama? Kwa vijidudu vya kipindupindu na taifodi, ndiyo. Kwa madini, hapana. Hata mimi nilimaliza sekondari bila kulijua hilo.

Twende Kilembe, wilaya ya Kasese, magharibi mwa Uganda. Mgodi wa shaba wa hapo ulianza kuzalisha mwaka 1956, na 1982 ukasimama. Wachimbaji wakaondoka, lakini mawe yaliyosagwa yalibaki kwenye malundo kando ya mto Nyamwamba. Ndani yake mna madini yenye chuma na salfa. Yakipata hewa na mvua, hutoa asidi ya salfuriki, ileile ya kwenye betri ya gari! Asidi hiyo huyeyusha shaba na kobalti zilizomo, na maji yanayochuruzika huzibeba hadi mtoni. Mafuriko ya 2013 na 2020 yaliyamega malundo hayo.

Sasa bandika maji hayo jikoni. Vijidudu vinakufa, lakini shaba haifi wala haitoki na mvuke. Maji yanapungua, shaba inabaki palepale, kwa hiyo yanazidi kuwa makali. Wala usidanganyike kwa kuwa yanang'aa. Shaba iliyoyeyuka mara nyingi haionekani. Ikizidi huleta kichefuchefu, kutapika na kuharisha, na kwa muda mrefu huumiza ini.

Kama kwenu kuna mgodi uliofungwa, msichote chini ya malundo. Halafu mwulizeni bwana afya: maji yetu yamepimwa madini, au vijidudu tu?