Tanzania: Chura wa Kihansi na gharama ya uchunguzi wa mazingira uliochelewa

Katika milima ya Udzungwa, kusini mwa Tanzania, sehemu ya maji ya mto Kihansi huachwa ipite korongoni bila kuzalisha umeme. Maji hayo yametengwa kwa ajili ya chura mdogo wa rangi ya manjano, ambaye urefu wake haufiki sentimita 3. Kisa cha chura huyo kinaonyesha kwa nini kibali cha mazingira si karatasi ambayo shirika la umeme huipokea siku moja na kuifungia kabatini.

Mto ulioingizwa handakini

Kituo cha Kihansi kinamilikiwa na Shirika la Umeme Tanzania, TANESCO. Kilijengwa katika miaka ya 1990 kwa fedha za Benki ya Dunia na wafadhili wa Ulaya, zikiwemo Norway na Sweden. Mitambo yake mitatu ina uwezo wa kuzalisha megawati 180 kwa jumla.

Bwawa lake ni dogo. Nguvu ya kituo hutokana na mteremko: maji hukusanywa juu ya maporomoko, huingizwa handakini, hushuka takriban mita 850 ndani ya mwamba hadi kwenye mitambo iliyo chini ya ardhi, kisha hurudishwa mtoni.

Tathmini ya mazingira ilifanyika kabla ya ujenzi, lakini korongo lenyewe halikuchunguzwa kwa kina. Mwaka 1996, kazi ikiwa imekwisha kuanza, watafiti waliokuwa wakifuatilia hali ya mazingira walimkuta chura ambaye sayansi haikumjua. Baadaye alipewa jina la Nectophrynoides asperginis. Hatagi mayai kama vyura wengi, bali huzaa watoto walio hai. Makazi yake yalikuwa hekta chache tu za majani na kuvumwani, zilizoloweshwa usiku na mchana na rasharasha ya maporomoko. Hajapata kuonekana mahali pengine popote duniani.

Kituo kilipoanza kazi mwanzoni mwa miaka ya 2000, maji yaliyopita korongoni yalipungua kwa karibu asilimia 90, na rasharasha ikatoweka.

Tiba baada ya jeraha

Hatua za dharura zilichukuliwa. Mwishoni mwa 2000, vyura 499 walisafirishwa hadi bustani ya wanyama ya Bronx, nchini Marekani, ili wazalishwe huko. Korongoni yalitandazwa mabomba ya kunyunyizia maji, yanayoendeshwa na nguvu ya mteremko, kuiga rasharasha iliyopotea.

Kwa muda ilionekana kwamba tiba imefaulu. Makadirio ya Juni 2003 yalikaribia vyura 20,000. Lakini miezi michache baadaye idadi hiyo iliporomoka, na Januari 2004 watafiti waliwaona watatu tu. Maradhi ya kuvu yanayoshambulia ngozi za vyura yaligunduliwa, na wataalamu wengine walitaja pia viuatilifu vilivyoletwa na maji kutoka mashamba yaliyo juu ya bwawa. Mwaka 2009, Shirika la Kimataifa la Uhifadhi wa Maumbile, IUCN, lilimtangaza chura huyo kuwa ametoweka porini.

Kizazi kilichohifadhiwa Marekani ndicho kilichomwokoa. Mwaka 2010 vyura 100 walipelekwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na mwaka 2012 wengine wakaanza kurudishwa korongoni.

Kibali kinadai nini?

Wakati Kihansi inajengwa, Tanzania haikuwa na sheria kuu iliyolazimisha tathmini ya athari kwa mazingira. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 ilijaza pengo hilo. Chini yake, mradi mkubwa wa umeme hauruhusiwi kuanza kabla ya tathmini kufanywa, wananchi kusikilizwa, ripoti kupitiwa na Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira, NEMC, na hati kutolewa. Kibali cha kutumia maji huombwa kwa mamlaka ya bonde la mto husika, nacho kina masharti yake.

Kazi ngumu huanza baada ya hati kupatikana. Ni lazima shirika lipime maji yanayoachwa mtoni, litunze kumbukumbu, litoe taarifa na kukubali ukaguzi. Kule Kihansi hilo lina maana ya mabomba yanayozibuliwa, viatu vinavyosafishwa ili kuvu isiingizwe korongoni, na watumishi wanaopanda mlimani mvua ikinyesha au jua likiwaka.

Masharti hayo yana bei. Kwa mteremko wa mita 850, kila mita moja ya ujazo ya maji inayoachwa kwa sekunde ni takriban megawati 7 zisizozalishwa. Katika ukame wa mwaka 2006, Tanzania ilipokuwa katika mgao mkali wa umeme, wapo waliouliza kwa nini vyura wapewe maji huku viwanda vikizimwa. Swali hilo lilikuwa la haki, ila liliulizwa kwa kuchelewa. Lingeulizwa kabla ya mchoro wa handaki kukamilika, njia ya maji ingeweza kupangwa upya kwa gharama ndogo zaidi.

Somo kwa majirani

Rusumo, kwenye mto Akagera mpakani mwa Rwanda na Tanzania, swali la namna hiyo liliulizwa mapema. Mradi huo wa megawati 80, ambao umeme wake unagawanywa sawa kati ya Rwanda, Burundi na Tanzania, ulifikiriwa kwanza ukiwa na bwawa kubwa. Mpango ukabadilishwa ili mitambo itumie mtiririko wa mto wenyewe, na hivyo kupunguza ardhi ya kufurikwa na familia za kuhamishwa.

Badiliko hilo lilifanyika mchoro ukiwa bado karatasini. Kihansi, mabomba bado yananyunyiza maji, na vyura waliorudishwa bado wanahesabiwa mmoja mmoja.